Maandamano Mwanza: barua ya saa 48, amri ya zuio na kesi inayofuata

Kila yanapotajwa maandamano hapa Mwanza, uwe Mlango Mmoja au Buzuruga, utasikia swali moja: "Wana kibali?" Wanaouliza si wapita njia tu. Wamo waandishi wa habari, watendaji wa mitaa, na mara nyingine askari wenyewe. Sheria ya Tanzania haidai kibali cha maandamano. Zamani ilikidai, kikaondolewa, na kilichobaki ni barua ya taarifa upande wako na mamlaka ya kutoa amri ya zuio upande wa polisi. Kosa la jinai huzaliwa katikati ya vitu hivyo viwili, na ndipo kesi nyingi zinapoharibika, za Jamhuri (upande wa mashtaka) na za washtakiwa.

Kwanza namba za vifungu, tusije tukagombana. Ninazotaja hapa ni za Toleo la 2019 la sheria zetu. Toleo la 2023 lilianza kutumika Julai 1, 2025, na katika baadhi ya sheria namba zimesogea. Ukiandika barua, taja jina la sheria na maudhui ya kifungu, kisha wakili ahakikishe namba.

Kibali kiliondokaje

Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake. Ibara ya 20 inampa uhuru wa kukutana na wenzake "kwa hiari yake na kwa amani" na kutoa mawazo hadharani. Hizi mbili husomwa pamoja: ya kwanza ni mdomo, ya pili ni miguu.

Sheria ya polisi tuliyorithi ukoloni ilimtaka mtu aombe kibali kwanza. Mchungaji Christopher Mtikila akaipeleka mahakamani, na mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu, Dodoma, akaamua kwamba sharti la kibali linakiuka Katiba. Hoja yake si ngumu: haki ambayo huwezi kuitumia mpaka ofisa akukubalie inakuwa mali ya ofisa. Bunge likabadilisha sheria, sharti la kibali likaondoka, likaja sharti la kutoa taarifa.

Sheria inayotumika sasa ni Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322. Kifungu cha 43 kinasema anayetaka kuitisha mkusanyiko au maandamano mahali pa hadhara atoe taarifa ya maandishi kwa ofisa wa polisi msimamizi wa eneo, si chini ya saa 48 kabla. Taarifa ionyeshe mahali, saa na madhumuni kwa ujumla. Halafu sheria inaongeza jambo ambalo wengi hawalisomi: ukishatoa taarifa unaweza kuendelea na mpango wako hadi utakapopokea amri ya kukuzuia. Kunyamaza kwa polisi hakukufungi mikono. Hutakiwi kusubiri jibu.

Vyama vya siasa vina Sheria ya Vyama vya Siasa, Sura ya 258, kifungu cha 11, nayo pia inazungumzia taarifa. Ndiyo maana zuio la mikutano ya hadhara lililotangazwa mwaka 2016 lilikuwa jambo la ajabu kisheria: lilikuja kwa tamko la mdomo likadumu zaidi ya miaka sita, na vifungu vya sheria vikiwa palepale vilipokuwa. Rais Samia Suluhu Hassan aliliondoa Januari 3, 2023, na Januari 21 mwaka huohuo CHADEMA wakafungua mikutano yao hapahapa Mwanza, viwanja vya Furahisha.

Barua yenyewe

Inakwenda kwa nani? "Ofisa msimamizi wa eneo" kwa kawaida ni Mkuu wa Polisi wa Wilaya, OCD. Hapa kwetu pana mtego, kwa sababu mji mmoja una wilaya mbili, Nyamagana na Ilemela. Tazama Barabara ya Nyerere: Igoma ni Nyamagana, Nyakato na Buzuruga ni Ilemela, ukifika Mabatini umerudi Nyamagana. Atakayeandika barua moja kwa OCD wa Nyamagana kisha akapita njia hiyo, ametoa taarifa ya nusu ya safari. Kutoka Buhongwa kupitia Mkolani, Nyegezi, Mkuyuni na Igogo hadi katikati ya mji unabaki Nyamagana. Lakini ukipanga kumalizia Furahisha, pale ni Kirumba, yaani Ilemela, na unahitaji barua ya pili. Kwa hiyo andika mbili, kila OCD na yake, na nakala kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa. Nakala kwa Mkuu wa Wilaya si sharti la kifungu hiki, ila inasaidia asije akadai hakujua.

Tuchukue mfano wa kubuni. Wachuuzi wa dagaa wa soko la Mwaloni wanataka kueleza malalamiko yao kuhusu ushuru. Barua inatosha ukurasa mmoja:

*YAH: TAARIFA YA MAANDAMANO YA AMANI, JUMAMOSI, SAA 3:00 HADI SAA 5:30 ASUBUHI*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwa mujibu wa kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, tunakutaarifu kwamba wachuuzi wa dagaa wa soko la Mwaloni, wapatao 150, wataandamana kwa miguu kutoka lango la soko hadi viwanja vya Furahisha, wakitumia upande mmoja wa barabara, ili kueleza malalamiko yao kuhusu ushuru wa soko. Wasimamizi 15 watavaa riflekta za rangi ya chungwa. Tutatumia kipaza sauti kimoja cha mkononi, hatutakuwa na gari la matangazo. Tunaomba askari wa usalama barabarani kwenye makutano. Mawasiliano kuhusu taarifa hii yapitie kwa Mwenyekiti na Katibu waliosaini hapa chini.*

Angalia kinachoombwa humo: trafiki peke yake. Ukiandika "tunaomba kibali" umejiweka mwenyewe kwenye foleni ya kukataliwa, na mbele ya mahakama barua yako itasomwa kwamba ulijua unahitaji ruhusa na hukuipata. Angalia pia kwamba barua ina tarehe, majina na sahihi za watu wawili. Ikiwa na mmoja, akikamatwa usiku wa kuamkia siku ya maandamano, hakuna wa kuisimamia. Idadi ya watu kifungu hakiitaji, lakini ukiitaja unampunguzia OCD kisingizio cha kusema hajui apange askari wangapi. Usitaje 150 kisha ukatangaza redioni kwamba mji mzima uje.

Barua nyingi hufia mapokezi. Peleka nakala tatu: moja ibaki kituoni, mbili urudi nazo zikiwa na muhuri, tarehe, *saa* na jina la aliyepokea. Saa ndiyo inayosahaulika. Kama maandamano ni Jumamosi saa 3 asubuhi, muhuri unatakiwa uwe wa Alhamisi kabla ya saa 3 asubuhi. Muhuri wa Alhamisi usio na saa unamwachia mwendesha mashtaka nafasi ya kudai barua ilifika mchana. Nenda na daftari la kupokelea barua, aliyepokea asaini humo. Akikataa kupokea (hutokea, "mkubwa hayupo"), usiiache mezani ukaondoka. Itume siku hiyohiyo kwa huduma ya posta yenye risiti, na mpe wakili aipeleke upya kisha aape kiapo kwamba aliipeleka na ikakataliwa.

Sheria inataja kiwango cha chini tu, saa 48. Haina kiwango cha juu. Wapo wanaopeleka dakika za mwisho makusudi ili polisi wakose muda wa kuandika zuio. Mimi naona ni ujanja unaomgeukia mwenyewe: zuio linaweza kuandikwa kwa dakika tano, ila majibu yako kwa zuio yanahitaji siku. Siku tano hadi saba zinatosha.

Uwanja ni habari nyingine kabisa. Kama mwisho wa safari ni uwanja wa halmashauri, matumizi ya uwanja yanaombwa halmashauri, na hapo kibali kipo kweli, pengine na ada yake. Maandamano mengi yanayokwama Mwanza bila zuio lolote la polisi hukwama hapa: jioni ya mwisho unaambiwa uwanja una shughuli nyingine. Lipia mapema, shika risiti, na andika mahali mbadala kwenye ileile barua ya OCD.

Amri ya zuio

OCD haruhusiwi kuzuia kwa sababu hapendi ujumbe wenu. Kifungu cha 43(3) kinamtaka aridhike kwamba mkusanyiko umekusudiwa kwa jambo lisilo halali, au unaelekea kuvunja amani au kuhatarisha usalama wa umma katika eneo lake. Zuio linapotoka huja na sababu zilizozoeleka: taarifa za kiintelijensia, askari hawatoshi, kuna ugeni wa kiongozi, Mwenge unapita. Mbili za mwisho kwa kawaida ni hoja za kubadilisha siku au njia, na njia nzuri ya kuzijibu ni kuandika siku hiyohiyo: "Tumepokea amri yako. Kwa kuwa sababu ni ugeni wa Jumamosi, tunatoa taarifa ya Jumapili." Hesabu ya saa 48 inaanza upya hapo.

"Taarifa za kiintelijensia" ni ngumu zaidi kwa sababu hazionyeshwi. Mahakama ya Rufani katika kesi ya Kukutia Ole Pumbun ya 1993 iliweka kipimo: sheria inayobana haki ya msingi iwe na kinga dhidi ya matumizi ya kiholela, na isibane kuliko inavyolazimu kufikia lengo halali. Kipimo hicho kinaweza kupelekwa mahakamani dhidi ya zuio lisilo na maelezo. Kwa hiyo dai amri kwa maandishi, na dai sababu. Ukipigiwa simu ukaambiwa "acheni," andika barua ya kuthibitisha: fulani, saa fulani, alitueleza kwa simu kwamba.

Rufaa ya zuio inakwenda kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na sheria inasema uamuzi wake ni wa mwisho. Yaani mkuu wa kisiasa wa polisi ndiye anayeamua kama polisi walikosea. Huhitaji shahada ya sheria kuona kasoro hiyo. Ukimaliza huko, Mahakama Kuu Kanda ya Mwanza inaweza kuombwa ipitie uamuzi. Unaanza na maombi ya ruhusa, na una miezi sita tangu uamuzi utolewe. Njia ya pili ni shauri la kikatiba chini ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, Sura ya 3. Marekebisho ya 2020 yalimtaka anayefungua aonyeshe yeye binafsi ameathirika vipi, hivyo waliosaini barua ndio waliokuwa na sifa, si mwanaharakati wa mbali mwenye uchungu. Zote mbili ni njia za kupata msimamo wa sheria kwa ajili ya kesho. Usidhani zitaokoa Jumamosi hii.

Kwa vitendo, upepo hubadilika kwa miezi. Januari 24, 2024 CHADEMA waliandamana Dar es Salaam polisi wakiwasindikiza, na Februari Mwanza nayo ikapata yake. Septemba 23 mwaka huohuo maandamano mengine Dar es Salaam yalipigwa marufuku na viongozi, akiwamo Freeman Mbowe na Tundu Lissu, wakakamatwa. Sheria ilikuwa ileile tarehe zote hizo.

Kosa linazaliwa lini

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 74, inaeleza mkusanyiko usio halali: watu watatu au zaidi, wamekusanyika kwa nia ya kutenda kosa, au wana lengo la pamoja na wanaenenda kwa namna inayowapa watu wa jirani hofu ya haki kwamba amani itavunjika. Kifungu cha 75 kinatoa kifungo cha hadi mwaka mmoja. Kukosa barua hakumo kwenye maelezo hayo. Jamhuri inatakiwa ithibitishe idadi, lengo la pamoja, na mwenendo wenyewe. Shahidi askari anayesema tu "niliona watu wengi wenye mabango" hajathibitisha hofu ya mtu yeyote. Wakili mzuri humuuliza: duka gani lilifunga milango? Daladala gani iligeuza njia?

Lakini Sura ya 322 ina njia ya mkato. Kifungu cha 44 kinampa ofisa wa cheo cha juu mamlaka ya kuzuia au kusimamisha hata mkusanyiko unaoendelea, na kifungu cha 45 kinasema watu watatu au zaidi wakipuuza amri, mkusanyiko huo unahesabiwa kuwa usio halali kwa maana ya Kanuni ya Adhabu. Hapa hakuna haja ya kuthibitisha hofu ya jirani. Kinachohitajika ni amri na ukaidi. Maandamano yaliyoanza saa 3 yakiwa halali yanaweza kuwa kosa saa 3:40, papo hapo kwenye makutano ya Kirumba, kwa sababu ya sauti iliyotoka kwenye kipaza sauti cha gari la polisi.

Kwa hiyo kuna kazi tatu za wasimamizi katika dakika zile. Msimamizi mmoja anaandika saa, cheo cha aliyetoa amri na maneno aliyotumia. Mwingine anatangaza kwa waandamanaji kwamba amri imetolewa na wanaondoka, akitaja njia mbili za kutokea. Wa tatu anarekodi video ya watu wakitawanyika. Mkikusudia kubishia amri, bishieni kwa karatasi kesho yake. Anayesimama barabarani kubishana anampa mwendesha mashtaka kile kipande pekee alichokuwa hana. Najua wapo wasiokubaliana nami, wanaoamini ukaidi wa amani ndio hoja yenyewe. Ni msimamo wa heshima, ila auchukue mtu mzima anayejua kifungo chake, asiwaburuze wamachinga waliokuja kulalamikia ushuru.

Kawaida ya mambo kuharibika ni hii: askari wanatoa amri mbele, walio nyuma hawaisikii, mbele wanasimama, nyuma wanasukuma. Kwenye video inaonekana kundi linasonga dhidi ya polisi. Mabomu ya machozi yanafuata. Weka msimamizi kila baada ya watu kumi, na wawili wa mwisho kabisa wawe na simu zenye chaji. Usipitishe watu njia moja nyembamba yenye ukuta pande mbili, kama vichochoro vya kuteremkia mto Mirongo, kwa sababu watu wakiambiwa watawanyike hawana pa kwenda.

Ghasia ni kosa tofauti, kifungu cha 76, hadi miaka miwili, na linahitaji mkusanyiko usio halali uwe umeanza kuvunja amani kwa vurugu. Jiwe moja linaweza kulileta. Ikisomwa ilani ya kutawanyika chini ya kifungu cha 77 na watu wakaendelea na ghasia, adhabu inapanda tena.

Mabango nayo husomwa mahakamani kama vielelezo. "Ushuru umetuua" ni maoni. Bango linalomwita mtu mwizi kwa jina lake ni jambo jingine, na linalotaka watu fulani waondolewe mjini kwa kabila au dini yao halina utetezi kabisa. Picha ukizirusha mtandaoni, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inaadhibu taarifa ya uongo inayotolewa kwa kujua ni ya uongo na kwa nia ya kupotosha: faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Usirushe picha ya zamani ukasema ni ya leo.

Mtu mmoja aliyesimama na bango hawezi kuwa mkusanyiko usio halali. Hesabu inaanzia watatu. Polisi wanaweza kumtafutia kifungu kingine, lakini si hicho.

Na hapo juu kabisa kuna uhaini. Baada ya Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, maandamano yalipoishia kwenye umwagaji damu na intaneti ikazimwa, mamia ya watu walisomewa mashtaka ya uhaini, kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Baadaye wengi waliachiwa. Lakini uhaini hauna dhamana chini ya kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, na hilo peke yake ni adhabu kabla ya hukumu: mtu anakaa mahabusu, kwa Mwanza ni Butimba, wakati upelelezi "unaendelea".

Kifungu hicho cha dhamana kina historia yake kanda hii. Kesi ya Daudi Pete ilianzia Musoma, ikaja kwa Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza, naye akaona kunyima dhamana kwa orodha ya makosa kunakiuka Katiba. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye. Orodha ikarudi baadaye kwa sura nyingine, na Agosti 2020, katika kesi ya Dickson Sanga, Mahakama ya Rufani ikasema kifungu cha 148(5) ni halali. Hapo ndipo tulipo.

Ukivuka ziwa mambo hubadilika kidogo. Kisumu, Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 37, inataja kwa jina haki ya kuandamana na kuwasilisha malalamiko, na taarifa hutolewa si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla. Uganda, Machi 2020, Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha 8 cha sheria yao ya 2013 kilichowapa polisi nguvu ya kuzuia mikutano.

Ukikamatwa

Uliza kosa ni lipi. Wana wajibu wa kukuambia. Taja jina lako na anwani. Maelezo mengine una haki ya kuyanyamazia mpaka uwe na wakili, ndugu au rafiki, na haki ya kuwasiliana nao imo kwenye kifungu cha 54 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Kipindi cha msingi cha kukuhoji ni saa nne tangu uwekwe chini ya ulinzi, na kinaweza kuongezwa kwa utaratibu maalum. Muulize anayekuandikia maelezo ya onyo (yale unayotoa baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yako) aandike saa aliyoanza na saa aliyomaliza. Maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda yanapingwa mahakamani na mara nyingi hutupwa. Soma kila ukurasa kabla ya kusaini. Sentensi ya hatari ni "nilijua maandamano hayana kibali", kwa sababu inaandikwa na askari kana kwamba ni yako.

Dhamana ya polisi ni bure. Kwa mkusanyiko usio halali inawezekana, na kama hukuachiwa ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Wadhamini wajiandae kabla ya siku ya maandamano, si baada. Wawili, wenye kitambulisho cha NIDA na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa mtaa. Ijumaa jioni mtendaji humpati, na hivyo ndivyo mtu anavyolala rumande hadi Jumatatu kwa kukosa karatasi.

Ukiambiwa umeshikwa kwa amri ya Mkuu wa Mkoa au wa Wilaya, hiyo ni Sheria ya Tawala za Mikoa, Sura ya 97, vifungu vya 7 na 15. Mwisho ni saa 48, kisha mahakamani au nyumbani, na sababu ziwe zimeandikwa. Wakili aombe nakala ya maandishi hayo. Asiyemudu wakili aulizie msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, au ofisi za Chama cha Mawakili wa Tanganyika kanda ya Mwanza.

Simu ikichukuliwa, dai hati ya kuorodhesha mali iliyokamatwa, yenye namba ya IMEI. Bila hati hiyo hutaipata hata ukishinda.

Mkitiwa hatiani, notisi ya rufaa iwe imeingia ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, na muda wa kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo haumo kwenye hesabu ya hizo 45. Lipeni faini kama mnaweza, kwa sababu kulipa hakuzuii rufaa. Machi 2020, Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani viongozi wa CHADEMA katika kesi iliyotokana na maandamano ya Februari 2018 Kinondoni, yale ambayo mwanafunzi Akwilina Akwilini aliuawa kwa risasi. Faini ilifikia jumla ya shilingi milioni 350, zikachangwa na wananchi. Juni 2021 Mahakama Kuu ikafuta hukumu hiyo na kuamuru fedha zirudishwe. Kuidai Serikali irudishe fedha zako, barua inaandikwa kwa mahakama iliyopokea malipo, ikiambatana na nakala ya hukumu ya rufaa iliyogongwa muhuri na stakabadhi halisi ya faini. Stakabadhi hiyo asikae nayo mtu mmoja.